Swichi Iko Upande Wangu

Sogezeni mkeka, wanangu, mkae karibu na kitanda hiki, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na aliye mlangoni sina haraka ya kumfikia. Apolinaria, wewe ndiye mkubwa, kaa huku kichwani. Damas, acha kusimama kama karani wa stesheni anayesubiri gari moshi, keti baba. Dada yangu Kashindye, najua una neno, lakini leo neno ni langu. Lako utalisema kwenye matanga ambako sitakuwapo kukujibu. Mama Apolinaria, mke wangu Marcelina, kaa hapo miguuni nikuone vizuri. Na wewe Hilari, mdogo wangu, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja na siwezi kukufukuza siku kama ya leo, baki hapo hapo mlangoni ulipo, kiti hicho kinakutosha.

Padre ameshanipaka mafuta asubuhi. Aliponiuliza kama nimewasamehe watu wote, nikaitikia ndiyo, ila nilipofika kwa mmoja sauti ilishuka kidogo, na Padre kwa wema wake hakuniambia nirudie.

Haya, yashikeni ninayosema, maana sitayasema mara mbili. Nyumba hii ya Cheyo ni ya mama yenu mpaka siku atakaponifuata, asije mtu kumpimia vyumba wala kumletea mpangaji asiyemtaka. Shamba la Kigwa msiligombanie, kwa sababu tangu tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa ardhi ni ya kijiji, na yale mahame yetu, walikolala baba na mama, yameshaota miti. Lakini mtanizika huko huko mahameni, si kwenye zile nyumba za mstari. Mwenyekiti wa kijiji nimeshamwambia, akakubali. Cherehani ni yako Apolinaria, unaijua tabia yake, ukiikanyaga kwa hasira inakata uzi. Ngazi ni yako Damas, na najua unaogopa kupanda, lakini ngazi si lazima uipande, hata kumshikia mwenzako chini ni kazi. Deni la fedha sina. Nina deni la Mzee Nanji aliyenifundisha umeme bila kunidai hata senti, na yeye amekwisha hama na familia yake ng'ambo, simjui alipo. Basi mtoto wa mtu akija hapa kuomba kufundishwa jambo lolote mnalolijua, mfundisheni, deni hilo litakuwa limelipwa.

Limebaki jambo moja, na kwa hilo ndiyo nimewaita.

Jana, Kashindye alipoleta uji, aliniinamia sikioni kama mtu anayeniombea, kumbe ananiuliza, "Kaka, na upinde wako anachukua nani?" Nikamwambia mimi sina upinde, upinde wa baba uko kwa Hilari. Akasema, "Upinde wa fundi umeme ni plaisi yake ya kukatia nyaya." Kisha akamtazama Hilari, akamtazama Marcelina, akatoka na bakuli lake. Usikatae, dada, sijafa bado, niliona.

Nyinyi vijana wa mjini huenda hamjui, basi jueni. Kwetu, siku ya kumaliza matanga, ukoo hukaa, na kile chombo ambacho marehemu hakukiacha mkononi siku zote za uhai wake hukabidhiwa mwanamume mmoja wa ukoo. Huyo ndiye mrithi. Anachukua jina, anachukua nyumba, na anamchukua aliyemo ndani ya nyumba. Padre anaikataza habari hii kila mwaka madhabahuni, na kila mwaka watu huitikia amina kisha huenda kuifanya. Na mrithi wa kwanza kutazamwa ni mdogo wa marehemu, hasa akiwa mgane, ana mshahara na meno yake yote yako kinywani. Mnamjua mtu kama huyo? Mimi namjua. Amevaa shati jeupe, kakaa mlangoni.

Asiyekuwapo na lake halipo. Usemi huu zamani niliutamka kwa kucheka, nikiwasema waliochelewa chakula. Sasa nimelala hapa nauona unanijia mimi, kwamba nitakapotolewa mlango ule miguu mbele, plaisi yangu itapita mlango huo huo kuingia mkononi mwa Hilari, na jioni yake atakaa kwenye kiti changu, na Marcelina atamwekea maji ya kuoga. Siumwi kifua peke yake, wanangu. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Babu yenu Masolwa alikuwa mpagazi enzi za ujana wake, kabla ya reli, akibeba mizigo ya watu kutoka hapa Tabora, kupitia Kigwa, kuvuka Ugogo, hadi Bagamoyo na kurudi. Upinde wake ulikwenda naye safari zote hizo. Mimi ndimi mwanawe wa kwanza. Hilari amekuja nyuma sana, nimembeba mgongoni, amenikojolea. Siku baba alipokuwa amelala kama mimi nilivyolala leo, akasema, "Kasimiri ana mikono, nilishampa cherehani. Hilari ana kichwa, mpeni upinde." Basi. Mikono kwangu, kichwa kwa Hilari, kama tumegawana kuku. Misheni wakampeleka Hilari shule, na kutoka shule akaenda kwenye ufundi wa serikali huko mbali, na mimi nikakaa barazani mwa duka la Mama Bachubai kule Kanyenye nikishona kaptura za watu, kisha namtumia mdogo wangu nauli.

Akarudi mwaka wa Uhuru. Mngemwona! Buti, mkanda mpana uliojaa vyuma, baiskeli mpya, na Kiswahili cha Dar es Salaam kinachopanda pua. Mwaka ule mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kushona bendera za sherehe, kijani, dhahabu, nyeusi, na niliishona ile kubwa ya uwanjani kwa mshono wa kurudia mara mbili ili upepo usiifungue. Sikupata kushona kitu kizuri kama kile kabla wala baada. Nikamvalisha mama yenu kitenge kipya, nikampeleka uwanjani, nikamwelekeza kidole, "Ile pale ni yangu." Jua likazama. Ghafla Hilari, juu ya nguzo, akaunganisha taa zake za rangi, na uwanja mzima ukasema aaa! Bendera haikutazamwa tena na mtu. Mama yenu naye akainua uso, taa zikamwangaza, nyekundu na buluu, akasema, "Jamani shemeji, mikono yake ina baraka!"

Mikono. Baba alisema mikono ni yangu na kichwa ni cha Hilari, na sasa hata mikono kapewa yeye.

Baadaye akaja hapa nyumbani kutuwekea taa, moja tu, hapo sebuleni, kwa hisani yake. Nilimshukuru, ningefanyaje? Ila kuanzia siku ile, kila jioni mama yenu akibonyeza swichi anasema, "Mungu ambariki shemeji." Kila jioni, nawaambieni, masika na kiangazi, kabla hata ya sala ya Malaika wa Bwana, anatajwa Hilari. Mimi nimekaa hapa, mume mwenye nyumba, nakunja kitambaa, namsikia mtu mwingine akibarikiwa na mke wangu. Kuna khanga yake moja imeandikwa wivu ni kidonda ukishiriki utakonda. Nilikonda kweli, na khanga yenyewe nilimnunulia mimi.

Msidhani nilikuwa mjinga. Niliwachunga. Hilari, sikia, nilikuchunga kuliko askari wa benki. Nikitoka Kanyenye nilipita njia ya nyuma, nikakohoa nikiwa tayari nimeingia. Sikuona kitu. Sikuona kitu hata mara moja, na hilo halikunipa usingizi, kwa maana wivu wa mtu aliyeona una mwisho wake, lakini wivu wa mtu asiyeona kitu hauna pa kuishia.

Ndipo nikafanya lile ambalo mji mzima ulinicheka. Lilipokuja Azimio la Arusha, na vitambaa vikaanza kupatikana kwa taabu, watu wakadhani nimeacha cherehani kwa sababu ya vitambaa. Niliwaacha wadhani hivyo. Nilikwenda kwa Mzee Nanji, aliyekuwa akitandaza nyaya kwenye nyumba za watu, nikamwambia nataka kujifunza umeme. Akanitazama mvi hizi, akasema, "Kasimiri bhai, umeme si shati. Shati likikosewa linafumuliwa." Nikamwambia nifundishe. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikunjwa nimekwisha kauka, nikasikia mifupa ikilia. Wanafunzi wenzangu wangeweza kuwa wanangu. Waliniita Babu Volti. Nilibeba ngazi mabegani kupita mbele ya duka la Mama Bachubai, mbele ya mafundi cherehani wenzangu, wakaniimbia usiache mbachao kwa msala upitao, nikapita.

Lakini Mzee Nanji hakuchukua muda kugundua kwamba mtu aliyeshona miaka yote ile haanzi mtupu. Nilipima ukuta kwa futi ya kamba ya ushonaji, nikachora mstari kwa chaki ya fundi nguo, nikapigilia vibanio vya waya kwa nafasi sawasawa kama tundu za vifungo. Nyaya zangu hazikupinda hata kwenye nyumba iliyopinda. Mpaka leo mtu akiingia nyumba ya Tabora hii na kuona waya umenyooka kama pindo la suruali ya Padre, anasema, huyu ni Kasimiri.

Na nyumba ya kwanza kuitandaza mwenyewe ilikuwa hii. Nilimkata Hilari! Nilimkata mpaka kwenye mita. Waya wake wote niliung'oa, nikaukunja, nikampelekea kwake, nikasema asante ndugu yangu tumemaliza. Mama yenu akarudi kwenye koroboi kwa muda mrefu, maana kibali cha kuunganishwa upya kilichelewa, akapika kwa moshi, hakunung'unika. Kisha nikawasha. Taa kila chumba. Na humu chumbani nikaiweka swichi hapa, juu ya mto wangu, upande wangu wa kitanda, ili kila usiku mke wangu akitaka mwanga aniombe mimi, na akitaka giza aniombe mimi. Usicheke, Damas. Nawe utaoa.

Siku ya kwanza akabonyeza ya sebuleni. Nilisimama nyuma yake, moyo unanidunda kama wa kijana. Akasema, "Mungu ambariki shemeji." Ilikuwa mazoea tu, ulimi umeshazoea njia. Nikatoka nje nikakaa juu ya kinu.

Hata pale Kigwa, kijiji kilipopewa jenereta ya zahanati, nikafanya kazi ile peke yangu, kwa kujitolea, na Hilari akaja na gari la shirika la umeme kukagua. Akazunguka, akatazama juu, akatazama chini, kisha mbele ya wanakijiji wote na viongozi wa chama akasema, "Kaka, kazi yako imenyooka kuliko yangu." Watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo maisha yangu yote, na ilipokuja nikapewa na yeye! Na mama yenu pembeni anafuta machozi, anasema, "Mnaona shemeji alivyo na moyo mzuri?" Jamani. Kuna mtu anaweza kumshinda mtu kama huyu?

Nipeni maji. Kidogo. Asante, Apolinaria.

Sasa leo asubuhi, Padre alipokwisha ondoka, mama yenu alikuwa akinifuta mgongo. Nikasema liwalo na liwe. Nikamuuliza, "Marcelina, nikiondoka, Hilari utampenda?" Akaniuliza, "Baba Apolinaria, wewe unaumwa au unalinda zamu?" Nikasema nataka kujua, miaka yote unambariki, unambariki kwa lipi? Akakamua kitambaa. Akasema, "Kabla ya taa ile, nyumba hii ilikuwa giza, na pale kwa Mama Bachubai kulikuwa na taa barazani, wewe ukawa unashona kule mpaka wanafunga duka, watoto wanalala hawajakuona. Shemeji alipoleta taa, ukaanza kuja na kazi nyumbani. Ukawa unashona hapo sebuleni, mimi nachambua mchele, nakutazama. Ndiyo nikawa nambariki. Kisha ukaenda kujifunza umeme, nikakukosa tena, unashinda juu ya mapaa ya watu. Nikaendelea kumbariki, labda utarudi."

Nikamwambia, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Hukuuliza."

Mmesikia, wanangu? Mimi nimeacha cherehani, nimepanda ngazi na mvi zangu, nimepigwa shoti mpaka kucha zikageuka rangi, nimfikie mwanamume ambaye mke wangu alikuwa akimshukuru kwa kunirudisha mimi nyumbani. Na mimi kwa kumfukuza huyo nikaondoka tena nyumbani. Umeme naupenda, sijutii hata siku moja ya kazi ile, kazi ilinipa jina. Ila zile jioni za sebuleni nazitaka. Nazitaka sasa hivi, na hakuna wa kunipa.

Nanyi msidhani nimepona wivu kwa maneno hayo. Sijapona. Hata asubuhi, nilipokuwa nalia begani kwa mama yenu, nilikuwa nawaza, lakini taa ilikuwa ya Hilari.

Haya. Damas, ile plaisi iko chini ya mto wangu, itoe. Taratibu. Mnaiona mishikio yake, nilivyoizungushia vitambaa vya kaptura na kuvishona. Baba alituambia desturi moja ya njia ya wapagazi: mtu akiugua njiani, mzigo wake haugombaniwi na wenzake, yeye mwenyewe hutaja wa kuubeba, na akishataja, hata kiongozi wa msafara hana kauli. Mimi nimeugua njiani. Nataja.

Mpe mama yako.

Kashindye, nyamaza! Najua mwanamke hapewi upinde. Nakuuliza, nilipokuwa najifunza, nikirudi usiku nafanya mazoezi humu ndani, nani alisimama chini ya ngazi? Nani aliniinulia plaisi hii mshikio mbele, kabla sijaiomba, akijua kwa pumzi yangu tu kwamba sasa nataka kukata? Ulikuwa wewe? Alikuwa Hilari? Basi chombo hiki kimekaa mkononi mwa watu wawili, na mmoja akiondoka kinabaki kwa wa pili. Marcelina, kishike. Siku ya matanga ukoo ukikaa na kuulizana upinde uko wapi, inua mkono uwaonyeshe, usiseme kitu. Mrithi wako ni wewe mwenyewe. Hakuna wa kukuchukua kama kiti. Apolinaria, Damas, nyinyi ni mashahidi, atakayemnyang'anya mama yenu plaisi hii, awe baba mdogo, awe shangazi, awe nani, hayuko katika baraka yangu.

Na ikiwa... ngojeni, pumzi. Ikiwa siku moja, mama Apolinaria, si karibuni, basi nakuomba isiwe karibuni, ukaona mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba kuna mtu wa kumkabidhi, mkabidhi kwa mkono wako. Nimesema. Limenitoka kama jino, lakini nimesema. Ila usimkabidhi mbele ya picha yangu. Na ulale huku upande wangu, wenye swichi. Atakayelala upande ule mwingine, yeyote, hata awe fundi mkubwa wa shirika zima, akitaka mwanga akuombe wewe.

Hilari. Nyaya za nyumba hii zikileta hitilafu, nani ataziona? Damas anaogopa ngazi. Utakuja wewe. Utakuja mchana, utapiga hodi, utasubiri ukaribishwe. Na usiubadilishe mstari wangu hata inchi moja. Nimekubeba mgongoni, Hilari. Nakumbuka uzito wako.

Wanangu, pendaneni, na msipende kwa kuchungulia. Anayewashukuru wengine mbele yenu muulizeni sababu, siku hiyo hiyo, msisubiri kufutwa mgongo. Mungu aliyewafikisha wazee wetu pwani na kuwarudisha awape njia yenye maji. Apolinaria, mshono wako usifumuke. Damas, mguu wako usiteleze. Kashindye, hata wewe, usiku wako uwe mwema. Amina iitikieni kwa sauti, sisikii vizuri.

Kiza kinaingia. Msiniambie umeme umekatika, redio ya sebuleni bado naisikia inanong'ona, na ile haitumii betri. Laini ni nzima. Hitilafu iko kwangu.

Marcelina, zunguka. Huku, upande wangu. Swichi iko... hapo, juu ya mto, wewe unaijua. Usiizime. Weka tu mkono.

Hilari, na wewe. Toka hapo mlangoni. Sogea. Sogea, mdogo wangu... kidogo tena.

Hapo. Hapo panatosha.